Dakika Mbili za Seneta Kessinger

Sikuwa na shahada ya sheria. Sikuwa na ofisi yenye jina langu mlangoni, wala karani wa kunipokelea simu. Sikuwa na fimbo za gofu, na hata ningekuwa nazo nisingekuwa na goti la kuzichezea. Sikuwa na suti ya tatu. Nilikuwa na mbili, ya kijivu na ya kahawia, na mke wangu Verna alizipokezanisha kwenye pasi kama wauguzi wa zamu. Sikuwa na meza ya kudumu kwenye Hoteli ya Gavana, ambako maseneta huenda kula nyama. Sikuwa na mteja wa gesi, wala wa hospitali, wala wa bima. Mfuko wa kuchangia kampeni niliousimamia ulikuwa na fedha ambazo Whit Ballantyne angeweza kuzimaliza kwa chakula kimoja cha mchana, tena bila kuagiza keki.

Nilichokuwa nacho ni vinyozi elfu moja na mia nane.

Nilikuwa mshawishi wa Chama cha Vinyozi katika Bunge la jimbo letu, kazi yangu ikiwa kuwasemea kwa maseneta, na mwaka huo wa 1991 nilikuwa nimefikisha miaka kumi na tisa kazini. Kabla ya hapo nilinyoa watu kwa miaka ishirini na saba katika mji wa Pawling Mills, na miaka sita kati ya hiyo, nikishafunga duka, nilikwenda kusoma masomo ya jioni: sarufi, uandishi wa barua, na kanuni za mikutano. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nilisoma ukurasa mmoja wa kamusi. Nilipofika Bungeni nilikuwa nimemaliza kamusi nzima, na nilikuwa nimerudi tena kwenye herufi D.

Watu wa mjini hucheka wakisikia kwamba vinyozi wana mshawishi wao. Wacheke. Mwanasiasa anaweza kumkwepa mwandishi wa gazeti, lakini mpiga kura hawezi kumkwepa kinyozi. Kila baada ya wiki tatu mwanamume huketi kwenye kile kiti, kafungwa shuka shingoni, wembe uko karibu na sikio, naye anasikiliza. Kila duka lina kioo, na pembeni mwa kioo kuna nafasi ya picha moja ya mgombea. Kampuni kubwa zilikuwa na hundi. Sisi tulikuwa na vioo.

Lenore Kessinger aliingia Seneti kwa vioo hivyo. Baba yake, Amos, alinyolewa na mimi kila Jumamosi, pamoja na Jumamosi ya mwisho, ambayo nilimnyoa akiwa amelala ndani ya jeneza. Binti yake aliposema atagombea, mwaka wa sabini na mbili, wazee wa chama chake cha siasa walimcheka. Mimi nilibandika picha yake kwenye kioo changu, nikawapigia simu wenzangu, na Jumamosi zote za Septemba na Oktoba tulizunguka pamoja tukigonga milango. Alishinda kwa kura mia mbili na sita. Nilijiona nami nimeshinda, na sikuacha kujiona hivyo.

Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya biashara na leseni, na muswada wa kutuua ulikuwa umeletwa kwenye kamati yake.

Muswada huo ulitaka kufuta leseni ya kinyozi. Hakuna shule, hakuna saa elfu moja na mia tano za mafunzo, hakuna mtihani. Kampuni moja ya saluni za haraka, yenye matawi mia mbili, ilitaka kumchukua mtu yeyote, kumfundisha wiki mbili na kumpa mkasi. Mshawishi wao alikuwa Whit Ballantyne.

Wajumbe wa kamati walikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa nimewahesabu mpaka nikawaota: watano wetu, watano wao, na Lenore.

Nje ya ukumbi wa Seneti kuna ukingo wa shaba unaofika kiunoni. Sisi wenye beji za rangi ya chungwa haturuhusiwi kuuvuka. Ukimtaka seneta, unaandika nambari ya muswada nyuma ya kadi yako, unampa bawabu, naye anaipeleka ndani. Seneta atatoka au hatatoka. Kazi yetu ni hiyo. Mengine yote ni mapambo.

Bawabu alikuwa Delbert Quigg, aliyekuwa kondakta wa treni hadi alipostaafu, na ambaye hakuwahi kuacha kutazama saa. Akipeleka kadi, alichomoa saa yake ya mfukoni. Seneta akitoka, aliirudisha na kutangaza muda kama vile treni imeingia stesheni. Washawishi walifanya mzaha wa jambo hilo. Mimi sikufanya mzaha. Nilikuwa nikiandika.

Jumanne moja ya Aprili nilimpa Delbert kadi yangu ya saba kwa Lenore. Ballantyne akaja baada yangu, mrefu, ananukia limau, akatoa yake.

"Habari za asubuhi, mzee wangu," akaniambia. "Bado umesimama? Miguu itaota mizizi hapo."

"Mti wenye mizizi hauangushwi na upepo," nikasema.

"Loo! Hiyo nitaiiba." Akacheka kwa dhati. Hilo ndilo lililoniudhi kwake: hakuwa mtu mbaya, na hakuniona adui. Mtu humwona adui yule anayeweza kumdhuru.

Nilitazama kichwa chake, kama ninavyotazama kila kichwa. Nywele zilikatwa kwa mkasi, si kwa mashine, na shingoni zilipunguzwa kidogo kidogo mpaka huoni zinapoishia. Ilikuwa kazi ya fundi, na niliona uchungu kukiri hivyo.

"Nani anakukata nywele?"

"Siri yangu."

"Ana leseni?"

"Ana mikono, Bwana Sturgill. Mikono inatosha."

"Mwambie hivyo siku akikukata sikio."

Mlango ukafunguliwa. "Dakika mbili," Delbert akatangaza. Lenore akatoka, miwani kichwani, karatasi kwapani. Alinitazama, akanipungia vidole viwili, kisha akamwendea Ballantyne. Akaegemea ukingo. Ballantyne akasema neno, Lenore akacheka, akamshika mkono wa koti, akasema neno, akarudi ndani.

"Dakika mbili," Delbert akatangaza.

"Na kadi yangu?"

Delbert akakuna sikio. "Amesema atakuona, Orrin."

"Lini?"

"Mimi ni bawabu. Ratiba ya treni nilikuwa naijua, ya wanawake sijawahi."

Nilisimama mpaka saa sita. Hakutoka.

Sikuwa mgeni wa kusubiri. Niliwahi kumsubiri spika siku nne. Lakini yule alikuwa spika, mtu wa watu wote. Lenore alikuwa wangu. Naliandika neno hili jinsi lilivyokuwa moyoni mwangu, ingawa sikuwahi kulitamka. Nilipomwona akimshika yule kijana mkono wa koti, nilijiona kama kijana wa miaka kumi na sita anayemwona msichana wake akicheza muziki na mwana wa mwenye benki.

Alhamisi nilipeleka kadi mbili. Ballantyne alipeleka moja. "Dakika moja na nusu." Ijumaa asubuhi nilipeleka nyingine mbili. Ballantyne: "Dakika mbili kamili." Mimi: atakuona. Katika daftari langu dogo, ukurasa wa kushoto uliandikwa B, ukurasa wa kulia O. Wa kushoto ulijaa dakika. Wa kulia ulijaa mistari mitupu.

Ijumaa hiyo hiyo nilikwenda Hoteli ya Gavana, si kula. Chini ya ngazi kuna duka la kinyozi la viti viwili, na mwenyewe ni mwanachama wetu.

"Seneta wako alikuwa hapa jana asubuhi," akaniambia kabla sijavua kofia. "Kifungua kinywa cha kuchangia kampeni, cha Ballantyne. Dola elfu moja kwa kiti."

"Maseneta wengi huja."

"Wengi walikaa meza za nyuma. Yeye alikaa mkono wa kulia wa Ballantyne. Mhudumu kaniambia walicheka mpaka mayai yakapoa." Akanitazama kwenye kioo. "Sisi tulimpa ngapi mwaka huu, Orrin?"

"Mia mbili na hamsini."

"Aa," akasema, akaendelea kupanga taulo.

Lile "aa" nililibeba mpaka nyumbani. Lilikaa nami Jumamosi yote. Nilipokuwa nikikata majani uani, mashine ilisema aa. Kanisani Jumapili, mchungaji alisoma habari za ndugu waliomuuza ndugu yao, na nilimwona Lenore kati yao, akipokea vipande vyake.

Baada ya ibada nikaketi mezani jikoni, nikaandika. Sijawahi kuandika barua haraka vile. Kwa kawaida huandika mara tano. Hii ilitoka mara moja, safi, kama nywele zinavyoanguka mkasi ukiwa mpya.

"Ndugu wanachama," niliandika, "Seneta Kessinger ameuza kiti chake, na leseni zenu zimo ndani ya bei. Aliinuliwa na vioo vyetu; sasa anajitazama kwenye vioo vya hoteli. Bandueni picha yake. Mwambieni kila mteja sababu."

Niliipenda ile sentensi ya vioo. Niliisoma mara tatu kwa sauti.

Verna alikuwa akikata rubabi, yale mashina mekundu machachu, kwa ajili ya pai. Aliweka kisu chini. "Umemwuliza?"

"Nimempelekea kadi kumi na moja."

"Sijakuuliza kadi. Umemwuliza kama atapiga kura na nyie au la?"

"Rafiki haulizwi. Rafiki anakuja mwenyewe."

"Una nambari ya simu ya nyumbani kwake. Iko kwenye mlango wa friji tangu enzi za Rais Nixon."

"Yeye pia ana yangu."

"Orrin," akasema, "hii barua siyo ya leseni."

"Ya nini basi?"

Akarudi kwenye rubabi zake, lakini alizikata kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Jumatatu asubuhi mpiga chapa alitoa nakala elfu moja na mia nane. Kabla ya saa nane mchana zilikuwa posta. Nililipia stempu kwa fedha zote za mfuko wetu, na nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeng'oa jino bovu. Kwa siku nzima sikumwonea wivu mtu yeyote.

Kura ilipigwa Jumatano. Chumba cha kamati kilijaa. Ballantyne alikaa mstari wa mbele na watu watatu wa kampuni, suti zao zikiwa zimetoka dukani siku moja. Mimi nilikaa ukutani, suti ya kijivu. Lenore aliingia kwa kuchelewa, uso umemwiva. Msaidizi wake alimfuata na furushi la vikaratasi vya ujumbe wa simu, vya rangi ya waridi, akamwekea mezani. Lenore akaviweka upande wa pili kwa mkono, bila kuvisoma, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichoharibika.

Karani akaita majina. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Nilikuwa na penseli, lakini sikuihitaji; kila mtu alikuwa pale nilipomweka. Tano kwa tano.

"Mwenyekiti?"

"Kabla sijapiga kura," Lenore akasema, "nataka niseme neno moja. Baba yangu alinyolewa na mtu mmoja maisha yake yote. Katika miaka yote ile hakutoka damu hata tone. Mtu yule alisoma, akatahiniwa, akapewa karatasi, akaitundika ukutani ambapo baba aliiona kila Jumamosi. Sioni kwa nini mtoto wa mtu mwingine apewe chini ya hapo." Akavua miwani. "Mwenyekiti anasema hapana. Muswada umeanguka."

Penseli ilinitoka mkononi, ikabingirika mpaka chini ya kiti cha mwanamke mmoja, mshawishi wa kampuni za bima.

Watu walisimama, wakaanza kuzungumza. Sikusimama. Ballantyne alikuja mpaka kwangu, akanipa mkono.

"Hongera, mzee wangu. Kwa kweli. Nimemwita mara tisa, mara tisa katoka na hapana. Sijawahi kuona mtu anayekataa upesi hivyo. Anakataa kama anayefukuza kuku kwenye nafaka, tena anakuchekea, unaondoka ukidhani umepewa kitu."

"Alikukalia mezani. Kifungua kinywa."

"Alikula mayai yangu, akanihoji mpaka nikamwambia ni wajumbe gani wetu wamelegea. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipogundua." Akatikisa kichwa. "Unajua nilichokuwa namwambia mke wangu? Nikasema kuna mzee mmoja pale ukingoni, hatokewi hata mara moja, hana hata haja ya kuonana na mwenyekiti. Nikasema huo ndio uwezo. Nilikuwa nakuonea kijicho, Bwana Sturgill."

Niliinama kuitafuta penseli yangu.

"Halafu jana nikaletewa barua yako." Akashusha sauti. "Sikuielewa. Kama ni mbinu, imenipita. Lakini wateja wangu wameifurahia mno. Kura ya mchujo ndani ya chama chake ni wiki tano zijazo. Kuna mtu wanataka kumsimamisha dhidi yake, wana fedha, ila hawakuwa na watu wa kumsemea vijijini." Akatazama kucha zake. "Sasa wanao elfu moja na mia nane."

Nilikwenda moja kwa moja ukingoni. Nikatoa kadi. Badala ya nambari ya muswada niliandika jina langu, kana kwamba halikuchapwa upande wa pili.

Delbert aliipokea bila mzaha. Akachomoa saa, akaingia ndani, akarudi. Hata hakuwahi kuketi. Mlango ulifunguliwa nyuma yake.

"Dakika moja," akasema kwa sauti ya chini, akaenda kusimama mbali.

Lenore aliegemea ukingo, mahali pale pale alipokuwa akiegemea kwa Ballantyne. Alinichekea. Lilikuwa lile cheko la kazi, na sikuwahi kuelekezewa kabla ya siku hiyo.

"Bwana Sturgill. Nikusaidie nini?"

Alikuwa ameniita Orrin tangu ana miaka minane.

"Lenore, sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kadi kumi na moja. Hukutoka hata mara moja. Yule kila akiita..."

"Nitoke kufanya nini?" Cheko likapotea usoni. "Nikuambie nini ambacho hukukijua? Unakumbuka Mtaa wa Sycamore? Mvua inanyesha, viatu vimejaa maji, watu saba mfululizo wametufungia mlango usoni. Nikaona bango langu mbele ya nyumba ya akina Dooley. Nikataka nikagonge, mtu mmoja tu anichekee siku ile. Ukanivuta mkono. Ulisemaje?"

Nikaishika shaba kwa mikono miwili.

"Ulisemaje, Orrin?"

"Nyumba yenye bango usiigonge."

"Nyumba yenye bango usiigonge, nenda kwenye isiyo na bango. Nimeishi kwa neno hilo miaka kumi na tisa. Ballantyne namtokea upesi kwa sababu nisipomtokea atakwenda kuwatafuna wale watano wangu mmoja mmoja. Namtokea, namchekea, nampotezea asubuhi. Wewe sikukutokea kwa sababu..." Akatafuta neno, na nilipoona analitafuta nilitamani asilipate. "Wewe nilikuwa nimekuhesabu."

Nyuma yake, kupitia mlango uliobaki wazi, nilisikia karani akisoma kitu kwa sauti ya usingizi.

"Tangu jana wamepiga simu mia moja na arobaini. Mmoja kaniita jina ambalo msichana wa mapokezi kakataa kuliandika. Yule aliyenunua duka lako kule Pawling Mills kanipigia mwenyewe, kwa adabu. Kasema amebandua picha."

"Atairudisha. Nitamwambia arudishe picha yako."

"Si yangu tu. Na ya baba."

Picha ya Amos niliitundika mimi: kakaa kwenye kiti, povu mashavuni, anacheka. Nilipouza duka niliiacha pale makusudi, iwe sehemu ya duka, kama sinki.

"Nitaandika barua nyingine," nikasema.

"Andika. Wewe ni hodari wa barua." Akatazama saa ya ukutani. "Samahani, Bwana Sturgill. Dakika zangu mbili zimekwisha."

Jioni hiyo, chai ikiwa bado mezani, nilianza. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba taarifa nilizopewa hazikuwa kamili. Verna aliisoma, miwani kwenye ncha ya pua.

"Huyu Taarifa ni nani? Ana nywele? Analipa ada ya chama?"

"Ni namna ya kuandika, Verna. Inaitwa lugha ya kiofisi."

"Ulisoma miaka sita kwenye baridi ili ujifunze kujificha nyuma ya meza?"

Nikaichana. Rasimu ya pili ilisema kwamba Seneta Kessinger, kwa kutoonana nasi, alikuwa ametoa nafasi ya kutoelewana. Hiyo niliichana mwenyewe kabla Verna hajanyoosha mkono. Nilikaa mbele ya karatasi tupu muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya karatasi yoyote. Nilijua kila neno lililohitajika. Yote yalikuwa kwenye kamusi, mengine nilikuwa nimeyasoma mara mbili. Moja ndilo lililokataa kushuka kwenye kalamu, nalo ni fupi, na kila mtoto analijua.

Mwishowe niliandika:

"Ndugu wanachama, Jumatatu niliwaandikia kwamba Seneta Kessinger ametuuza. Si kweli. Jumatano kura yake moja ndiyo iliyookoa leseni zenu. Sikupotoshwa na mtu. Nilihesabu dakika alizompa mtu mwingine, nikaona mimi sikupewa hata moja, nikaona wivu, na wivu huo nikawaletea nyinyi kama habari. Rudisheni picha yake kwenye kioo, na kila mteja mliyemwambia maneno yangu ya kwanza, mwambieni na haya. Mkutano wa Juni mchague mtu mwingine wa kusimama ukingoni. Msimpigie simu Seneta kumshukuru. Amechoka na simu. Mwandikieni."

Verna alisoma, akaisoma tena. "Hapa," akasema, akiweka kidole kwenye neno wivu. Nikadhani amekuta kosa. "Hapa umeandika vizuri." Akaondoka kwenda kuosha vikombe.

Mfuko wa chama ulikuwa mtupu. Stempu za safari hii zililipiwa na fedha za suti ya tatu, ambayo Verna alikuwa akiniwekea akiba tangu Krismasi bila kuniambia. Ijumaa tulikunja karatasi mezani kuanzia kifungua kinywa hadi saa tisa alasiri, yeye akikunja, mimi nikitia kwenye bahasha. Hatukuzungumza sana. Mara moja aliniuliza kama nadhani barua zitafika kabla ya watu kuanza kukata nywele za Jumamosi. Nikasema za karibu zitafika, za mbali la. Akasema basi kazi ianze na za mbali.

Bahasha moja niliiacha iwe ya mwisho kwa makusudi. Ilikuwa ya duka la Pawling Mills. Ndani yake, chini ya maandishi ya chapa, niliongeza kwa mkono wangu mstari mmoja: "Ya Amos itundike kwanza, pale pale ilipokuwa, kushoto kwa karatasi ya leseni."

Nilikwenda posta na maboksi matatu kwenye kiti cha nyuma na bahasha hiyo moja mfukoni. Mwanamke wa dirishani aliyapokea maboksi, akauliza kama kuna kingine. Nikasema kimoja. Nikaitoa. Nilikuwa bado sijaifunga.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro kumi. Kule Bungeni kikao cha Ijumaa kilikuwa hakijaisha. Nilijikuta nikiwaza kwamba Ballantyne yuko pale, ameegemea shaba, na kwamba Delbert kachomoa saa. Na hata katika dakika ile, gundi ikiwa ulimini, nilitaka kujua ametokewa baada ya dakika ngapi.

Nikaibana bahasha kwa kidole gumba, kutoka ukingo hadi ukingo, mara mbili, nikaisukuma chini ya dirisha.